Ua la Msitu wa Wavulana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mamba tu wazima, tangawizi imekubali, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama niliwahi kuliona ua hilo ambalo wataalamu walidhani limetoweka, nawe umelipiga picha katika msitu wa hapa kwetu. Sikuliona. Msitu ule ulikuwa wa jando, wasichana hatukuukanyaga. Kaka yangu alipotoka huko, shati lake lilinukia ajabu. Nikamuuliza ni ua gani.

“Mambo ya wanaume,” akacheka, akanipa shati nifue.

Kabla ya kulifua, nililivaa.

Nilimwonea wivu maisha yangu yote, na sasa nakuonea wewe. Picha hainukii, Neema. Krismasi usiniletee kanga. Njoo unishike mkono, unipeleke.

Bibi yako, mwenye wivu mpaka nifike.