Milamula Nyuma ya Kaburi la Mama

Kibeta, Bukoba
Alhamisi

Kaka Rwekaza,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umetulia na wifi Agnetha na watoto ni wazima huko Kishanda. Mimi nimerudi salama, ila miguu imevimba kwa ndege. Simu zako nimeziona. Sikupokea kwa sababu hili nisingeweza kulisema kwa mdomo.

Cartagena nimeiona. Wanunuzi wa kahawa waliotualika Kolombia walitupa siku moja ya kutembelea mji wa kale, ule ambao Wahispania waliuzungushia ukuta wa mawe kuwazuia maharamia. Mwongoza watalii wetu alisema ukuta ulikuwa na kilomita kumi na moja. Nikamwambia nimepimiwa viwanja vya kutosha, hizo hazifiki. Akacheka, akasema sehemu nyingine zilibomolewa. Sikumwamini. Nilipompa kahawa yetu ya kutafuna, naye akainusa kama sumu, tukawa tumelipana.

Lakini kichwa changu kilikuwa Kishanda. Wewe ambaye hujawahi kunisindikiza hata stendi, safari hii ulinibembeleza niende, tena nisiharakishe kurudi. Kwa nini? Nikiwa juu ya ukuta, karibu na mizinga inayotazama bahari, ikaingia kwenye simu picha uliyonitumia ya kaburi la mama, limepaliwa vizuri. Nikaikuza. Nyuma yake, katikati ya kibanja cha baba, lile shamba la migomba, milamula mipya, miti yetu ya kugawia ardhi, imepandwa mstari mmoja. Mpaka! Nikasema ndiyo maana nimeondoshwa, kibanja kinauzwa. Mimi niliyejitafutia kila kitu, nisiyepewa hata mgomba mmoja kwa kuwa ni binti, sasa hata kwa mama nitaingia kwa hodi.

Jana shangazi Kemilembe alikuja kunipa pole ya safari, akauliza kama nimekushukuru. Nikamwuliza nikushukuru kwa kuuza kaburi? Akasema pamoja na hesabu zangu zote mimi ni mjinga. Kumbe uliwabana wazee wa ukoo mpaka wakakubali kunikatia kipande hicho, mimi binti, na ulitaka niwe mbali kwa sababu ningefika kikaoni ningewagombeza wote wakaondoka. Akaongeza kwamba milamula imeng'olewa, na Jumapili baada ya misa jirani yenu Anatory ataitwa mbele ya ukoo kwa kuwa mbuzi wake ndio wanaoshukiwa.

Kaka, mbuzi wa Anatory hawana kosa. Nikiwa bado juu ya ule ukuta nilimpigia Avit, dereva wangu, nikamwagiza aing'oe milamula yote. Ni mimi.

Mwambie Anatory leo hii, usingoje Jumapili. Wazee nitawaletea pombe ya rubisi na kuwapigia magoti. Wakikataa kunikatia tena, sitabisha. Avit anakuletea barua hii pamoja na vipande vya milamula. Viweke kivulini, usivipande. Wakikubali, mashimo nitachimba mwenyewe, nao wakitazama.

Wasalimie wote nyumbani. Na asante kwa kupalilia kwa mama.

Mdogo wako,
Joanitha