Hodi kwenye Mlango wa Umeme

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Huku Kileleshwa sisi wazima. Shangazi yako wa Uthiru alikuja Jumapili na maparachichi, akaondoka mapema.

Uliniuliza kwa nini napiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na kadi ya kufungulia mlango ninayo mkononi.

Miaka ya sabini, nikiwa mgeni Nairobi kutoka Bungoma, niliitwa kwenye ofisi moja ya katikati ya mji kuhojiwa kwa kazi ya ukarani. Mlango ulikuwa na kufuli la umeme. Nilipobonyeza kengele, sauti ya kike ilitoka kwenye kisanduku ukutani: "Nani?"

"Hodi. Ni Wafula, nimekuja kwa ajili ya ile kazi."

Kufuli likavuma kama nyuki, likanyamaza. Nikabaki nimesimama. Likavuma tena.

"Wewe, mbona huingii? Sukuma!"

"Sijakaribishwa, dada."

Nikasikia watu wakicheka huko juu. Nikajua kazi imeniponyoka, nikageuka niende zangu. Ndipo mlango ukafunguliwa kwa mkono. Msichana aliyeshuka ngazi alikuwa akihema.

"Haya, mtu wa Bungoma," akasema. "Karibu."

Kazi niliipata. Msichana huyo ndiye nyanya yako.

Tangu tumzike, mlango huu wa kadi haujanikataa hata siku moja. Hufunguka upesi sana. Mimi husema hodi, kisha nikasubiri kidogo kabla ya kusukuma.

Babu yako,
Wafula