Meko ya Nyumba ya Meneja

Bariadi,
Agosti, 1996

Kwa Kaka yangu Shigela Mabula, Nyashimo.

Mwangaluka, kaka. Mdogo humwamkia mkubwa kwanza, hata kwa karatasi. Hivyo pokea shikamoo yangu, nami nikuulize hali yako, ya shemeji Evalina na ya watoto. Sisi tunapumua. Mama anaweza kukaa, ila chakula hakipiti.

Kilichoniketisha kuandika ni kwamba ile nyumba ya Meneja wa kiwanda cha pamba haipo tena. Biashara ilipoachiwa watu binafsi, kiwanda kilinunuliwa na Bwana Ngeleja, naye akaamuru nyumba ivunjwe. Nilimwandikia ombi rasmi aiache. Nilifafanua kwamba yule Meneja Mwingereza aliijenga kwa mfano wa nyumba ya babu zake huko kwao: paa lenye mwinuko mkali, madirisha yaliyogawanywa kwa nguzo za mawe, na meko ya ukumbini yenye dohani ndefu, kazi ya mikono ya marehemu baba yetu. Bwana Ngeleja alicheka, akaniuliza ni nani Bariadi anayeota moto sebuleni.

Hata sisi tulicheka zamani. Mama alikuwa mpishi pale, kisha mtunzaji, na kila asubuhi alifagia meko yasiyowashwa. Ulipomtaka ahamie kwako akakataa, ulimwambia kwamba anaabudu jivu la Mzungu.

Siku ya kuvunja alikalia jiwe la meko. Vibarua walimbeba kwa heshima, wakimwita Mayu kama mama yao mzazi, wakimtania kwamba watamjengea mengine ya kuchomea viazi. Lori lilipokwisha kuondoka na kifusi ndipo aliponiita.

Kaka, wewe si mzaliwa wa kwanza. Nyumba ikiwa bado msingi, mama alijifungua mtoto wa kiume katika kambi ya wajenzi, naye hakuishi. Desturi ilitaka kichanga kizikwe ndani ya nyumba ya mama yake, lakini wao walilala chini ya turubai. Mama alikwisha kuahidiwa upishi katika nyumba ya Meneja; basi baba akamweka mtoto katika chungu, akajenga meko juu yake. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia jambo hilo nikaliandika katika ombi. Alijibu kwamba ombi langu lilikuwa zuri mno, akaogopa kuliharibu.

Dereva anasema kifusi kile, pamoja na udongo wa chini ya meko, kimejaza msingi wa ghala jipya la Bwana Ngeleja, hapo mkabala na mlango wako. Mama anakusihi jambo moja tu: ukiamka, kabla hujaamkiwa na yeyote, umwamkie mtoto yule, kwa kuwa ni mkubwa wako.

Nawasalimu nyote wa upande huo.

Mimi, mdogo wenu,
Marcelo Mabula