Tuta la Nane

Mokhotlong,
14 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa juani hapo Quthing, na goti lako limepunguza kelele. Sisi huku tu wazima, tunakula na kulala. Puleng amerefuka ghafla, hata gauni la shule ulilomshonea limekuwa blauzi. Anauliza kama kuku wake bado yu hai. Nimemwambia ndiyo, kwa hiyo kama ulikwisha kumchinja, tafadhali ficha mifupa. Mama mkwe anakusalimu sana. Anasema mtama uliompelekea ni mzuri, ila mchanga wake ni mwingi. Kwake hizo ni shukrani.

Mama, hii ni barua ya kushukuru, na ndani yake pana jambo la kutubu. Usiruke ukaanzia mwisho kama ilivyo desturi yako.

Unayakumbuka yale matuta manane ya shule, ya mviringo, ambayo marehemu mume wangu Tlali aliyajenga kwa mawe kabla kifua hakijamwangusha. Kila asubuhi watoto huja na majivu na maganda ya viazi kutoka kwao, wakayamwaga katika kikapu cha katikati ya kila tuta ili kurutubisha udongo. Mboga za hapo ndizo kitoweo chao cha mchana. Shamba jingine hatuna. Matuta yakifa, watoto mia na ishirini wanakula ugali kwa chumvi.

Mimi ndiye mwalimu wa bustani, lakini tangu Juni nimekuwa mwalimu wa nje ya ua. Mwenye shali ya msiba hakanyagi palipopandwa. Miche ikinyauka, lawama utazibeba mpaka uzeeni. Basi nilikaa juu ya jiwe langoni nikafundisha kwa kupaza sauti. Mama mkwe, naye na shali yake nyeusi ya kumlilia mwanawe, alikuja kukaa jiwe la pili ili kunilinda. Nikinyoosha mguu tu, utamsikia: "Huo mguu unakwenda wapi, wewe binti wa Quthing?" Watoto walicheka mpaka wakamwaga maji. Siku moja aliwaambia kwamba mwalimu wao analima kwa mdomo, kwa hiyo tutavuna maneno.

Kosa langu lilianzia hapo. Mwishoni mwa Agosti joto lilikuja, mipichi ikachanua, na madirisha ya madarasa yalijaa miche ya kabichi na spinachi, kila mtoto na kopo lake lililoandikwa jina lake. Mama mkwe akasema tungoje, kwani kila mwaka ipo theluji inayokuja kuyatazama maua ya pichi. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu, kwamba vitabu havisemi hivyo. Tukapanda.

"Haya," akasema, "basi wenye vitabu ndio watakaokuja kufunika."

Ijumaa tuliyofunga shule kwa mapumziko ya Uhuru, watoto walipokwisha kuvuka mto kurudi makwao, upepo ulikatika. Vilele vilikuwa vyeupe na anga likawa safi mno. Hata wewe wa mabondeni unajua maana yake: kabla ya asubuhi jalidi ingeshuka na kuunguza kila kilicho laini. Mwalimu mkuu alikuwa mjini. Mama mkwe alikuwa nyumbani na Puleng, na sikuwa na mtu wa kumtuma. Niliyatazama yale makopo matupu yenye majina nikawaza watoto wakirudi nitawaambia nini. Mbegu nyingine hazikuwepo.

Niliingia, Mama. Naandika wazi ili usiseme nilizungukazunguka. Niliingia na msiba wangu mabegani, nikafunika tuta la kwanza kwa magunia, la pili kwa mapazia ya darasa, nikaokota kila kilichookoteka, mpaka vitu vikaisha kwenye la sita. La saba nililifunika kwa ile shali uliyonishonea. La nane lilibaki hivihivi. Ndilo alilojenga Tlali akiwa tayari anakohoa, na mawe yake yamekwenda upande. Nilipiga magoti nikaliomba radhi, nikalia. Tangu mazishi nilikuwa sijapata kulia vile. Watu walinisifu kwa uvumilivu, kumbe nilikuwa nimekauka tu. Na baada ya kulia, mikono yangu ikiwa ndani ya udongo ule, nilifurahi. Hilo ndilo ninalotubu zaidi: mjane wa miezi mitatu, nikafurahi.

Nilirudi nyumbani jua likizama. Mama mkwe aliyatazama mabega yangu. Nikasema shali nimeifua, iko kambani shuleni. Akasema nguo inayofuliwa jioni haikauki, akageukia chungu chake.

Kulipopambazuka nilikimbia kuitoa kabla mtu hajaiona. Ua mzima ulikuwa mweupe. Shali yangu ilikuwa ngumu kama ubao, nayo imebanwa kwa mawe ambayo sikuyaweka mimi. Na juu ya tuta la nane palikuwa na shali nyingine nyeusi, imenyooshwa vizuri kuliko yangu. Niliijua kwa kiraka chake. Nikainua pembe moja, na chini yake miche ilikuwa hai.

Nilimkuta mekoni anakoroga uji, mabega wazi. Nilimpa yake. Aliikung'uta udongo, akajifunika, akaniambia kwamba mimi sijui kubana nguo, upepo ungeibeba. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Tlali hakuwa mtu wa kuvumilia baridi. Tangu mdogo."

Hatujalizungumza tena. Watoto waliporudi na kukuta matuta yote manane ya kijani, waliuliza kwa kelele ni nani aliyefunika. Mama mkwe, akiwa juu ya jiwe lake, aliwajibu, "Wenye vitabu." Nami niliponyoosha mguu, aliuliza unakwenda wapi.

Ukija Desemba kutuvua msiba, utaona shali yangu ina madoa ya samadi, na ya mwenzangu pia. Nakuomba usiulize mbele za watu. Nilipoipokea nilikunung'unikia kwamba umeishona pana kupita kiasi, kana kwamba umefiwa na familia nzima. Nisamehe kwa neno lile. Asante, Mama. Ilitosha tuta zima.

Wasalimie wote wa hapo, na jirani mwenye redio. Puleng anakubusu mikono. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mimi mwanao,
Keneuoe