Mistari ya Njano Kwenye Nyasi za Kliniki

Jumatatu, 4 Machi
Daktari mwenye kliniki kanipigia sijapiga hata mswaki. Eti kampuni yetu ya bustani imemtandazia nyasi mbovu! Nimekwenda mbio. Loo! Zile nyasi zetu, juzi tu zilikuwa kijani kibichi, leo zina mistari ya njano kuanzia getini mpaka dirisha la maabara. Nimeomba radhi mpaka taya linauma.
Baba anasema ni jua. Jua gani hilo linalopita kwa mistari?

Jumanne, 5 Machi
Si jua. Nimefungua bomba la kupulizia, limenuka dawa ya magugu mpaka kwenye mpira. Mtu kapulizia magugu ya kwenye changarawe, halafu akatia mbolea ya maji humohumo bila kuosha, akainyunyiza kwenye nyasi. Jamani! Kuosha bomba ndiyo kitu cha kwanza Baba alichotufundisha.
Siku ya kupulizia mimi nilikuwa kwa mteja mwingine. Kliniki walikuwa wawili tu — Baba na Chepe, fundi wetu tangu nikiwa shule. Nimemuuliza Chepe. Akakohoa kwanza. Akasema yeye alikuwa nyuma, anapunguza ua wa michongoma.
Kwa hiyo ni Baba.

Jumatano, 6 Machi
Baba kawasha gari, kakaa tu. Ananiuliza: tunaanzia wapi leo? Kliniki, Baba, kama jana. Kanikaripia: najua!
Hajui. Na si mara ya kwanza kusahau, nilikuwa najitia upofu. Nitamwambiaje akae nyumbani? Kampuni hii ni yeye. Naogopa, basi.

Alhamisi, 7 Machi
Naandika ndani ya gari, nje ya kliniki.
Daktari katusimamisha kwenye nyasi. Anataka kujua nani kafanya hivi, la sivyo anatafuta watu wengine. Baba akainama, akavuta jani, akajua papo hapo ni dawa ya magugu. Akamgeukia Chepe: "We! Bomba hukuosha!"
Nikafungua mdomo. Chepe akaniwahi. "Nisamehe, mzee. Nilipitiwa." Anamwambia Baba, lakini ananitazama mimi. Baba akamwambia kuanzia leo asije tena kazini. Mbele ya wagonjwa! Mtu mzima, ana mke na watoto, anamwaga unga ili kumsitiri baba yangu, nami nimesimama kama mlingoti. Najichukia.
Chepe kashavua buti za kazi, anaelekea barabarani. Niende nimrudishe. Nimwambie daktari ukweli, Baba asikie, na liwe liwalo —
Baba kagonga kioo. Nimeshusha.
"Chepe anakwenda wapi? Hebu mwite, kazi bado."
Najifanya naandika mambo ya ofisi. Kasimama dirishani, anasubiri nimjibu.