Ghorofa Isiyosimama Lifti

Jumatatu, 3 Machi

Mama mdogo kapata nyumba! Kwenye jengo letu la ghorofa ishirini pale ukingoni mwa maji, lile la watu wa kipato cha chini. Nimelichora mimi. Kapiga simu analia kwa furaha: ghorofa ya kumi, dirisha linatazama maji. Nikapiga vigelegele — halafu nikahesabu ghorofa.

Ya kumi. Lifti inasimama ya nane na ya kumi na mbili.

Wazo langu hilo. Bosi alitaka tupunguze gharama, nikasema lifti isimame kila baada ya ghorofa nne, wanaobaki wapande ngazi, mazoezi! Mkutano mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumamosi, 8 Machi

Tumemhamisha. Toka ya nane kapanda kwa miguu, mkono ukutani, goti lake bovu likigoma kukunjika. Katikati akakaa kwenye ngazi. Kasema aliyechora hivi hakulelewa na mtu.

Amenilea yeye!

Kisha akanishika mkono: "Wewe usingefanya hivi, najua. Nani alikuzidi nguvu?"

Nikasema bosi. Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya nne hajatoka nje. Jirani ndiye anayemletea mahitaji. Analalamika? Wala! Ananisifia dirisha. Bora angenitukana.

Nimemwomba bosi tutoboe milango zaidi ya lifti. Kacheka — si wewe uliyesema mazoezi? Halafu ule ukuta wa lifti ndio unaobeba jengo, hautoboleki. Najua. Niliuchora.

Mchimba shimo huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nimemtumbukiza mama mdogo.

Ijumaa, 14 Machi

Wapangaji wamevamia ofisi. Mama mdogo mbele! Kashuka zile ngazi kwa makalio, gauni lote vumbi. Kawaambia wenzake wasihofu, ana mtoto wake humu, atawasemea.

Bosi akatoka. Mama mdogo kamnyooshea kidole: "Mwanangu, si ndiye huyu?"

Bosi kanigeukia. Kanitazama tu. Wote wakanitazama.

Nikasema naenda kuchukua ramani.

Niko chooni. Ramani ninayo, sahihi yangu pembeni, kubwa, ya mbwembwe. Dakika kumi sasa, naandika kwenye daftari hili kama mwehu. Aibu, aibu tupu.

Anagonga. Namjua kwa pumzi zake.

"Mwanangu, usimwogope yule. Toka useme. Niko nawe hapa mlangoni."