Shikamoo Nisiyoisikia

Shinyanga Mjini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Itikia kwa sauti hapo hapo ulipoketi, hata kama Mama atadhani unaongea peke yako. Sababu utaiona. Mguu unaendeleaje? Na Korogwe mvua zimenyesha? Mimi mzima, ila bado nimeduwaa.

Chuo kimeamua wanafunzi wetu wa ualimu walioko mazoezini wafundishwe mtandaoni. Basi sisi wahadhiri, na mvi zetu, tumerudishwa darasani kujifunza. Mwishoni kila mmoja anafundisha kipindi huku mkufunzi akisikiliza. Ukishindwa, somo lako anapewa mwingine. Somo langu, Baba! Nililolianzisha mwenyewe!

Jumatano nikafungua kipindi. Nyuso zikajaa kwenye kompyuta: walioko Didia, Kolandoto, hadi Masumbwe. Nikangoja salamu, kama ulivyonilea: asiyesalimia hafundishiki. Kimya. Nikangoja tena. Midomo inachezacheza, nikajua wanatafuna. Wallahi nilipandwa na hasira! Nikawaambia, "Hamna adabu, kajifundisheni wenyewe," nikafunga kompyuta.

Mkufunzi, binti mpole, akanipigia simu. "Mama, kipindi kimerekodiwa. Njoo usikilize."

Ya Rabi! Darasa zima linapaza sauti, "Shikamoo madam!" Wanarudia na kurudia. Yule wa Masumbwe, karasha la kusaga mawe ya dhahabu likinguruma nyuma yake, anapiga kelele mpaka koo linamkauka. Mwingine akadhani labda shikamoo siitaki, akajaribu Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!" Kumbe asubuhi matangazo yalinikera, nikazima sauti ya kompyuta, nikasahau. Nilipokwisha kuondoka, binti mmoja akauliza, "Jamani, tumemkosea nini?" Nililia, Baba, mtu mzima mimi.

Mkufunzi akanipa kipindi cha marudio, ndicho nimetoka kukifundisha leo. Kabla yeyote hajafungua mdomo nikasema, "Marahaba, wanangu. Hiyo ni ya Jumatano." Wakaangua kicheko, na safari hii nilikisikia. Somo limebaki langu.

Msalimie Mama, shangazi msuka mikeka, na mdogo wangu fundi baiskeli, mwambie aache uvivu wa kupiga simu.

Umeitikia, Baba? Huku sisikii, lakini sasa najua umeitikia.

Binti yako,
Zuhura